Senkondo, Nimewakatalia Wasikupandishe Mlimani

Senkondo mdogo wangu,

Huna adabu. Masika yamepita, vuli imekuja ikaondoka, na wewe hujatia mguu hata mara moja kwenye usingizi wangu. Wenzako wanakuja. Mama anakuja, ananiuliza kama kuku wamefungiwa. Marehemu mume wangu, ambaye hata alipokuwa hai maneno yalimtoka kwa kuvutwa, anakuja, anakaa kwenye kigoda chake, anakohoa, anaondoka. Wewe niliyekubeba mgongoni mama alipotuacha, wewe niliyekutafunia ndizi kabla hujaota meno, ndiye unayejifanya una shughuli. Shughuli gani huko? Nani amekupa zamu ya ulinzi?

Basi kwa kuwa huji, nimeamua kukuandikia. Kalamu mimi siijui, hilo unalijua. Anayeandika ni Nakijwa, mke wa mwinjilisti wetu hapa Mamba. Ameshaniambia, "Bibi, barua kwa marehemu haianzi na ugomvi." Nimemwambia aandike kama ninavyosema, huyu ni mdogo wangu, si Bwana DC. Barua ikiisha nitateremka nayo nyikani nimpe Koplo Saidi, akusomee pale ulipolala, kwa sauti. Najua kusoma ulijifunza jeshini, lakini sijui kama huko uliko kuna taa.

Usidhani nimekaa kimya kwa kukusahau. Nilikuwa vitani, na aliyekuwa anapiganiwa ni wewe. Walitaka kukufukua.

Ndiyo. Walitaka kukutoa kwenye mchanga wako, wakubebe mpaka huku juu, wakulaze katikati ya migomba ya baba.

Aliyelianzisha ni kaka yetu Mgonja, mtoto wa baba mkubwa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo na ndiye anayeshika zamu za maji ya ndiva, lile bwawa letu la kunyweshea mashamba. Mwaka huu mvua zilikuwa nyingi na ukuta wa ndiva ulipasuka. Maji yakashuka na maharage ya watu, yakashuka na udongo wenyewe. Hakuna aliyeumia, lakini unawajua watu wetu, kitu kikipasuka lazima apatikane mwenyewe. Mgonja akasimama mbele ya watu akasema, "Tuna mtu amelala nyikani kama mbuzi aliyepotea. Amezikwa bila ukoo. Tena ni yule yule aliyekata mgomba wa kitovu chake. Mnataka ukuta usimame vipi?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Maana habari ya mgomba haijasahaulika, Senkondo. Tangu uondoke huku jina lako halitajwi bila mgomba ule kutajwa.

Mimi mwenyewe nauona mpaka leo. Uliporudi kutoka vitani tulikupokea kwa vigelegele tangu kule chini barabarani. Ulikuwa na lile koti zito la jeshi, na kila mtu alitaka kulishika. Watu walikula, wakaimba, wakakuuliza hiyo Bama mlikopigana iko wapi, wewe ukawaonyesha kwa kidole kuelekea jua linakotoka, ukacheka. Nilikutandikia nyumbani kwa baba. Ikanyesha mvua, hii hii yetu ya kila siku. Asubuhi nilipokuletea uji nikakuta migomba yote iliyozunguka nyumba imelala chini. Wewe ulikuwa jikoni, mgongo umeubana ukutani, panga mapajani, macho mekundu kama umepulizwa moshi. Na katika ile iliyolala ulikuwamo wako, ule ambao mimi kwa mikono yangu nilizika kitovu chako shinani mwake. Nilikuambia maneno ambayo Nakijwa amekataa kuyaandika. Wewe ukanijibu, "Dada, nitapanda mingine."

Hukupanda. Ukachukua blanketi lako ukateremka nyikani, huko ng'ambo ya Kisiwani, pasipo hata mti wa kumfungia mbuzi. Na wenzako wawili wa jeshini wakaja kukaa nawe: Saidi, Myao wa watu, na yule Mnyamwezi mrefu aliyekuwa akipuliza tarumbeta. Watu wa huku wakapaita Bama. "Mbuzi wa nani hao?" "Wa wale wa Bama, walioungua akili." Walicheka. Na mimi nilicheka nao mara moja, nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Mara ya kwanza nilipokuja kukuona nilikuja na chipukizi la mgomba kichwani. Shina lako lilikuwa limechipua, ulilikata lakini halikukata tamaa. Nikaling'oa, nikalifunga kwa majani mabichi, nikateremka nalo mlima mzima, shingo ikataka kuingia kifuani. Nilijua kwetu sisi nyumba isiyo na mgomba ni kambi tu, na nilitaka uwe na nyumba. Ulilipokea kwa mikono miwili. Ukaniambia asante. Halafu ukaondoka nalo, ukaenda, ukaenda, ukalipanda kule kwenye kisima mlichochimba, mbali kiasi kwamba nilikuona mdogo kama kunguru. Nikanuna. Nikakuambia umewapelekea mbuzi chakula. Ukanikorogea chai kwenye kile kikombe chako cha bati, sukari nusu kikombe, kama vile nimekuja kunyonya.

Nakumbuka uwanja wako. Ulikuwa umefagiliwa mpaka unaona haya kuukanyaga. Mawe yamepangwa mstari kutoka mlangoni mpaka zizini, meupe, kama meno. Blanketi limekunjwa, limekuwa tofali. Na yule beberu wako, Mungu anisamehe, shingoni amefungwa nishani uliyopewa na Mwingereza. Nikakuuliza kama una akili. Ukasema, "Huyu anapigana kila siku, Dada, na hajapewa kitu." Saidi alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa bado nimenuna.

Tulipokuwa tunachoma mahindi ndipo ulipoanza mwenyewe, mimi sikukuuliza. Ulisema hivi, na nimelishika neno kwa neno: "Dada, mvua yenyewe siiogopi. Mvua ikinyesha ni kelele, kila mtu anaisikia. Shida ni ikishakatika. Majani yanaendelea. Kule Bama tulilala msituni, na jani likidondosha hujui hilo ni tone au ni mguu wa mtu. Basi unasikiliza moja moja. Mpaka kunakucha unasikiliza moja moja. Saidi yuko kushoto kwangu, naye anasikiliza. Hapa mvua ikikatika imekatika. Mchanga unakunywa, basi."

Nikatazama migomba yetu kichwani mwangu, majani yale mapana, na jinsi yanavyodondosha mpaka jua linachomoza. Sisi sauti hiyo ndiyo inayotubembeleza tangu tumboni. Na mimi nilikuwa nimekuchukulia mgomba kichwani nikidhani nakuletea dawa.

Ukaniambia, "Usiwaambie wa juu. Watasema jeshi lilichukua mwanamume likarudisha mtoto." Nikafunga mdomo, na unanijua, mdomo wangu haujazoea kufungwa.

Ulipougua kifua, habari ilinifikia kwa watu wa sokoni. Niliteremka siku ile ile, na bado nikachelewa. Jua la nyika halimsubiri dada wa mtu. Nilikuta Saidi ameshakuosha, amekuvika koti lako, amemtafuta mwinjilisti wa Kisiwani akakuombea kwa dini yako, yeye amesimama pembeni na kofia yake ya kiislamu mkononi. Walikulaza ubavuni mwa Mnyamwezi wenu, aliyekutangulia. Nilikaa kwenye udongo ule mpaka ukanipa joto matakoni, Nakijwa, andika, na nikasema moyoni, hapa amepumzika. Lakini ukoo haukuona mapumziko. Ukoo uliona ndugu yao amezikwa na wageni, haraka haraka, kama anayefichwa.

Kwa hiyo Mgonja alipolisema lile la ndiva, kuni zilikuwa kavu zamani. Hukuacha mke wala mtoto. Aliyebaki wa kusema ndiyo au hapana ni mimi. Wakanipa mpaka mavuno, halafu tukutane nyumbani kwa baba, halafu waende na majembe.

Nifanye nini? Nikisema kwa nini, nimekuvunjia neno lako. Nisiposema, wanakulaza chini ya majani yale yale. Nilizunguka na jambo hilo kama mwenye jino bovu. Mwishowe nikamtumia Saidi salamu, aje aseme yeye kwamba ulitaka kulala kule. Hilo tu. Nilijua mtu aliyekuosha atasikilizwa.

Na alikuja. Koplo, ukifika hapa usiruke. Soma, haya ni yako pia.

Alipanda mlima peke yake na ule mguu wake unaoburuta, amevaa koti la jeshi kwenye jua. Tulikuwa tumekaa uwanjani kwa baba, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Saidi alipopewa nafasi, Mgonja akasema, sio kwa sauti ndogo, "Yaani leo Wapare tunaulizwa habari za mifupa yetu na Myao?" Mimi nikamjibu kutoka mkekani, "Myao huyo ndiye aliyemwosha. Wewe siku ile ulikuwa unaosha nini?" Wakacheka, yeye akanikata jicho. Unamjua.

Yakapita manyunyu. Kidogo tu, wala hatukuinuka, kanga zilitosha. Yakakatika, jua likatoka, na Saidi akasimama kusema.

Akasema, "Wazee, Sajini Senkondo aliniambia…" Nyuma yake migomba ilikuwa inadondosha. Akageuza kichwa. Akarudi kwetu, akaanza tena, "Aliniambia…" na tone likaanguka, akageuza kichwa upande mwingine. Watu wakafikiri amesahau maneno. Mtu mmoja akacheka. Kisha tukaona mikono. Ile mikono, Senkondo, ilikuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe. Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta, akateremka taratibu mpaka chini, na macho yanakwenda kwenye kila jani, hili, lile, hili, kama anayehesabu watu wanaokuja. Jasho linamtoka katika baridi ya huku kwetu. Hakulia, hakupiga kelele. Alikuwa anasikiliza.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mimi nilikuwa ninajikokota kuinuka, magoti haya yananisaliti siku hizi, na kabla sijasimama nikamwona Mgonja amesimama.

Alimwendea. Akachuchumaa mbele yake, mzee mzima na mkongojo wake, akamwambia, "Njoo ndani, ndugu yangu. Njoo jikoni, kuna moto." Akamshika mkono kama unavyomshika bibi harusi, akamwingiza, akafunga mlango. Tukamsikia kwa ndani Mgonja anaongea kwa sauti kubwa habari za ng'ombe wake anayekataa kukamuliwa, anaongea, anaongea, anagonga sufuria, anauliza na kujijibu, kama anayeongea na kiziwi. Alikuwa anamzibia yale matone. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mtu huyu nimemgombeza miaka yote, na siku ile ningeweza kumbeba.

Alipotoka, majani yalikuwa yamekauka. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Na Senkondo alikuwa hivi?"

Nikasema, "Kila mvua."

"Na ile migomba?"

"Ndiyo hiyo migomba, kaka."

Akakaa kwenye mkeka wa wanawake, kitu ambacho hajakifanya maisha yake yote. Akatazama uwanja wa baba, pale palipochipua tena, pale alipokuwa ameshapachagua kwa ajili yako na kupawekea kigingi. Akasema polepole, "Tulikuwa tunakuja kumlaza hapa. Milele. Hapa." Halafu akaenda akang'oa kigingi kwa mkono wake. Akawaambia wenye majembe, "Mwacheni alipo. Atakayemgusa atanigusa mimi."

Kwa hiyo sikukuvunjia neno lako, mdogo wangu, nilimjibu tu alichokuwa ameshakiona mwenyewe. Na Saidi naye hakulivunja, maana hakupata nafasi ya kusema hata moja. Alilala kwa Mgonja siku ile, nyumba ya bondeni isiyo na migomba karibu, na asubuhi akasindikizwa na wanaume, wamembebesha ndizi na maharage mpaka akalalamika kwamba wanamgeuza punda wao.

Mengine ni haya. Ukuta wa ndiva walipouchimba ili kuujenga upya walikuta shimo la fuko, refu kama mkono wangu. Fuko, Senkondo. Mgonja aliliangalia shimo lile akasema tu, "Haya, jengeni." Kisha kiangazi kilipoanza akachukua vijana wakateremka kwako kukupangia mawe, wewe na Mnyamwezi, ili fisi wasiwasumbue. Nilikuwepo. Alijaribu kuyapanga mstari kama yale ya uwanjani kwako, yakatoka yamepinda. Saidi akayanyoosha akiwa amempa mgongo, asimwaibishe. Beberu wako hajambo, bado ana nishani, sasa ana watoto wengi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Na watu wa huku bado wanapaita Bama, ila siku hizi wanasema "kwa kina Senkondo, kule Bama", na hawacheki.

Lipo moja ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeshachagua mahali pangu, pale kwa mama, na ubavuni nilikuwa nimekuachia wewe nafasi tangu ulipokuwa mtoto wa kutambaa. Mtu akilea, anajiwekea matumaini ya namna hiyo. Waliposema wakupandishe, Senkondo, upande mmoja wa moyo wangu ulisema ndiyo. Nisingelala peke yangu. Niliunyamazisha upande huo, lakini ulisema. Mimi ni mtu wa mvua. Majani yasipodondosha sipati usingizi, na huko kwako ningekauka kama ngozi ya mbuzi kwenye jua. Basi wewe utalala kwenye mchanga wako na mimi nitalala kwenye matope yangu, na mlima wote utakuwa katikati yetu. Nimekubali. Sijafurahi, lakini nimekubali, na ingekuwa ni leo tena ningewakatalia tena.

Nakuahidi nitateremka kila kiangazi, maadamu magoti yananibeba, na yakikataa nitabebwa, nitawapigia kelele mpaka wanibebe. Na Saidi siku yake ikifika atalala upande wako wa kushoto. Mgonja ameniapia mbele ya mwinjilisti, ingawa mwinjilisti alikuwa anauliza kama inafaa, Mwislamu na Mkristo. Nimemwambia walifaa msituni, watafaa mchangani. Koplo, na hapa pia usiruke. Ila usiwe na haraka ya kufika huko, mbuzi bado wanakuhitaji.

Lala, mwanangu. Nimekuita mdogo wangu barua nzima lakini wewe ni mwanangu, niliyekulea ni mimi. Lala mkavu. Dada yako, Nanzia.

Nakijwa alikuwa ameshaweka kalamu chini, nimemwambia aichukue tena. Ukija, usianze kwangu. Mgonja anapita hapa kila jioni, anasimama mlangoni anauliza kama umenijia na kama umeniambia una kinyongo naye. Namwambia hujaja, sijui. Anaondoka bila kunywa hata maji. Kwa hiyo anzia kwake. Mwambie huna kinyongo. Hata kama unacho, mwambie huna, amezeeka yule na hapati usingizi. Ukishamwona amelala vizuri, ndipo uje kwangu.